Dirisha la Mama Mdogo

Simu ilinikuta kwenye mkahawa wa Porte de Namur, hapa Brussels, nikiwa na waandishi wenzangu, tumeshikana mashati juu ya swali kama riwaya inaruhusiwa kuanza na mvua. Nilitoka nje ili nisikie. Aliyepiga alikuwa mzee wa funguo. Hivyo ndivyo tunavyomwita yule Mbelgiji mstaafu anayetunza kanisa dogo la Uccle, ambamo jumuiya yetu ya watu wa Kivu, mashariki mwa Kongo, husali Jumapili mchana, baada ya Waingereza kumaliza ibada yao ya asubuhi. Ujanani alifundisha shule ya misheni karibu na Bukavu, na tangu wakati huo anazungumza Kiswahili cha kutoa amri, Kiswahili kilichopigwa pasi, hakina mkunjo wala huruma.

"Mwambie mama yako kwamba dirisha litaondolewa," alisema. "Mafundi watakuja Jumatatu. Habari hii si ya kujadiliwa."

"Dirisha gani, papa?" niliuliza, ingawa nilijua.

"La msichana. Madini ya risasi yanayoshika vioo yamechoka. Likimwangukia mtu kichwani, nani atajibu?"

"Lakini mama ana matanga Jumamosi ijayo, chini ya dirisha hilohilo. Ulikubali mwenyewe."

"Nilikubali matanga. Sikukubali dirisha."

Akakata. Nilisimama pale kando ya mlango wa metro, watu wananipita na mifuko yao ya madukani, nikiangalia simu kama vile yenyewe ndiyo iliyonikosea. Niliporudi ndani nikawaeleza wenzangu, mmoja wao aliinua kidole, macho yanawaka. "Andika hilo," alisema. Nilitamani kumpa namba ya mzee wa funguo waelewane wao wawili.

Mama alikuwa amekwisha kununua kitenge. Si kitenge chake tu. Alikuwa amechagua cha kuvaliwa na wote, rangi ya majani makavu yenye ndege weupe, na mafundi cherehani wa Matonge, mtaa wetu Wakongo, walikuwa tayari wanakata. Ukifika hatua ya kitenge, kwetu hakuna kurudi nyuma. Harusi inaweza kuvunjika baada ya kitenge, matanga hayavunjiki.

Matanga yenyewe yalikuwa ya mama mdogo, mdogo wake mama wa tumbo moja. Alikufa njiani walipokuwa wanakimbia vita kutoka Bukavu. Mama alikuwa ametangulia na mimi mgongoni. Mdogo wake alibaki nyuma na homa, kwa watu waliompa hifadhi, kwa makubaliano kwamba atafuata akipata nguvu. Hakufuata. Habari ilitufikia kwenye kambi ya wakimbizi kwa mdomo wa mtu aliyeisikia kwa mtu mwingine. Waliomzika hatuwajui, na kilima alichozikwa hatukijui. Nyumba ya Bukavu ilichomwa na kila kilichokuwamo, picha zote zikiwemo.

Asiyetoka kwetu anaweza kuona picha ni jambo dogo. Aje Brussels, ahudhurie kilio kimoja cha Wakongo. Kabla ya chakula, kabla hata ya viti, picha inafika. Imekuzwa, imewekwa fremu, inasimamishwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe na maua. Watu wanaingia wanaisalimia. Wanaizungumzisha, wanaigombeza: mbona umetuacha hivi, wee? Picha hiyohiyo inachapwa kwenye fulana na kwenye bango kubwa ukutani, na chini yake jina na miaka miwili, wa kuzaliwa na wa kufa. Mama amepika kwenye vilio vya watu wengi katika jiji hili. Ameshika picha za watoto wa wenzake, amefuta vumbi fremu za waume wa wenzake. Cha mdogo wake hajawahi kukifanya. Kila nilipomuuliza kwa nini, jibu lilikuwa lilelile.

"Nitaweka nini kwa meza? Sahani?"

Ndipo likaja kanisa la Uccle.

Lilijengwa zamani na familia za watu wa Wales waliokuja Brussels kwa biashara wakakaa. Familia zenye uwezo, zilipofiwa, ziliweka dirisha la vioo vya rangi kwa ukumbusho wa mtu wao, na katika kila dirisha walichorwa watakatifu wa kwao, wale wa mwanzo kabisa, wa karne ambazo Wales ilikuwa mawe na mvua na watawa. Kuna askofu mzee aliyesimama juu ya kilima kidogo, njiwa begani. Inasemekana alipokuwa anahubiri, ardhi iliinuka chini ya miguu yake ili wa nyuma nao wamwone. Kuna msichana mwenye mstari mwembamba mwekundu kuzunguka shingo, aliyekatwa kichwa na mwanamume aliyemkataa, kichwa kikarudishwa mahali pake. Na kuna wa tatu, msichana amesimama msituni, mbwa wa kuwinda wanarudi nyuma mbele yake, na kutoka kwenye pindo la vazi lake kinachungulia kichwa cha mnyama mdogo. Chini ya kila mmoja yameandikwa maneno ya ukumbusho, jina la marehemu wa familia, na miaka miwili.

Sisi ni Wapentekoste wa milimani. Makanisa yetu ya nyumbani hayana picha ukutani. Pengine kalenda, na hiyo ni ya mwaka jana. Watu wetu walipoingia Uccle wakaona mtu amechorwa mkubwa, na chini yake jina na miaka miwili, hawakuhitaji kuuliza. Walisoma kama mtu yeyote wa Kivu angesoma. Huyu ni marehemu.

Kwa hiyo askofu akawa babu wa watu fulani, mfugaji wa njiwa. Mbele ya msichana mwenye mstari shingoni wamama walishusha sauti. "Huyu walimukata," walisema, na hakuna aliyetaka maelezo zaidi. Wanajua kukatwa ni nini. Na mbele ya yule wa tatu, Jumapili ya kwanza kabisa, mama yangu alisimama hadi wimbo wa kufungulia ukaisha. Alikuwa amehesabu miaka iliyoandikwa chini. Msichana mdogo tu, hajafika hata ishirini.

"Na iko na dende," aliniambia tukitoka.

Dende ni wale wanyama wa nyumbani wanaofugwa Bukavu chini ya vitanda na nyuma ya majiko, wanafanana na panya wanene wasio na mkia. Mama mdogo alikuwa nao. Alikuwa anawapa majina ya walimu wake.

Tangu siku ile mama akawa anapeleka maua. Mara nyingine ya dukani, mara nyingine yale ambayo wagonjwa wa hospitali ya Jette, anakofanya kazi ya usafi, wameyaacha mazima wakienda nyumbani. Mzee wa funguo aliyaona akafurahi sana. Aliniita pembeni akaniambia ametiwa moyo kuona watu wetu wanawaheshimu watakatifu. Sikumjibu. Wamama nao walimsifu mama kwa kumtunza maiti asiye na ndugu. Na hao pia sikuwajibu. Nilikuwa nimesoma karatasi ya maelezo iliyopo mlangoni, nilijua nani ni nani, lakini nani aliniuliza? Mimi naulizwa tu pale simu ya mtu inapokataa kufunguka.

Halafu mama akatangaza. Atatosha matanga ya mdogo wake, maana kwetu kutosha ni kutoa, kuyamaliza, kuweka chini nguo nyeusi ya moyoni. Ataweka meza chini ya dirisha.

"Umri wao iko moja," alisema. "Huyu mutoto familia yake yote ilishaenda. Mi nimemuwekea maua. Sasa atanikopesha sura. Hatakataa."

Hiyo ndiyo hali ilivyokuwa siku mzee wa funguo aliponipigia simu.

Jumapili nilimvizia baada ya ibada ya Waingereza. Nilimwomba wiki moja. Wiki moja tu, dirisha limekaa pale tangu kabla ya babu zetu kuzaliwa, litashindwa kukaa wiki?

"Jukwaa la mafundi limekwisha kuagizwa," alisema, "na ruhusa ya kufunga njia ya waenda kwa miguu imekwisha kutolewa na komuni, halmashauri ya mtaa. Unajua maana ya kubadilisha ruhusa ya komuni?"

Nilijua. Katika jiji hili unaweza kubadilisha dini, utaifa na mume kabla hujabadilisha tarehe ya ruhusa ya komuni, na barua utakayopata itakuwa kwa lugha tofauti na uliyoandikia.

"Lakini sina moyo wa jiwe," aliendelea. "Mpe mama yako askofu. Dirisha lake ni imara. Halina ufa hata mmoja. Kisanaa ni bora zaidi."

Nilimpelekea ujumbe huo mama, aliyekuwa anapanga viti kwa ajili ya ibada yetu. Alishika kiti hewani.

"Mi nililie muzee wa Kizungu na njiwa yake? Alinipatia nini, ule?"

"Mama, ni kwa siku moja tu."

"Bon. Basi we ukikufa, nitaweka picha ya jirani kwa meza. Kwa siku moja tu."

Baada ya ibada akamwendea mchungaji. Mchungaji wetu siku za kazi huendesha tramu, na ana tabia ya madereva wa tramu ya kutopinda kushoto wala kulia. Alikaa kwenye benchi la mbele, wamama wa kwaya wamemzunguka, mimi nimesimama nyuma na koti langu mkononi, tayari kuondoka tangu nilipofika.

"Kamati ya kanisa hili haitatusikiliza sisi," alisema mchungaji. "Sisi tuko wageni hapa. Donc, tutafute familia ya huyu marehemu. Bao njo benye dirisha. Wakisema lisitoshwe, halitatoshwa."

"Ndiyo, pasteri!" wamama wakaitikia.

"Jina yake iko pale chini," alisema kiongozi wa kwaya, mama mnene mwenye sauti inayofika barabarani. "Tutafute kwa Facebook. Tutabaambia mutoto wabo tumemutunza vizuri, hata ndugu wabo wenyewe hawamutunzaki hivi."

"Na tubaalike kwa matanga," mwingine akaongeza. "Bakuje bakule."

"Mutoto," mchungaji akanigeukia, "we unajua Kiingereza. Utabaandikia."

Nadhani ni hilo lililonimaliza. Nilijiona nimekaa jikoni kwangu, riwaya yangu imesimama kwenye sura ya tano, nikiwaandikia watu wa Wales kuwauliza kama wana habari za binti yao aliyefukuzwa na mbwa.

"Hana familia!" nilisema, kwa sauti kubwa kuliko inavyofaa kanisani. "Huyo siye marehemu. Jina la chini ni la mtu mwingine, msichana mwingine ambaye hatujui sura yake. Huyo aliyechorwa ni mtakatifu. Aliishi zamani sana, alikimbia nchi yake wasimwoze kwa nguvu, akajificha msituni Wales. Siku moja mfalme alikuwa anawinda sungura, sungura akaja kujificha chini ya gauni lake, mbwa wakashindwa kusogea. Ndiyo picha yenyewe. Ni sungura. Wote hapo ukutani ni watakatifu!"

Kiongozi wa kwaya aligeuka taratibu akamtazama askofu, kisha njiwa.

"Ati nini? Yule papa wa njiwa naye?"

"Naye, maman."

"Na ule walimukata?"

"Alifufuka."

"Yesu wangu." Alijishika kifua. "Ina maana tumemuwekea mutakatifu maua? Mwaka muzima? Kama Bakatolika?"

Mchungaji alifunga Biblia yake kwa zipu, polepole, upande hadi upande. Alipomaliza alisema alichokuwa lazima aseme. Meza ya matanga haiwezi kuwekwa chini ya sanamu ya mtakatifu. Hata kama dirisha lisingeondolewa. Hata kama mzee wa funguo angelia na kuomba. Sisi hatupiti kwa watakatifu. Wamama wakatikisa vichwa, wengine wakamwangalia mama kwa huruma ya aina ile inayoudhi kuliko matusi.

Kwenye tramu ya kurudi mama hakukaa karibu nami. Palikuwa na nafasi. Alisimama mbele, ameshika bomba. Tuliposhuka ndipo aliponisemesha.

"Ilikuuma nini kunyamaza?"

"Mama, wangewaandikia watu barua za..."

"Batu wa Wales wangejibu ao wasingejibu. Mi ningekuwa nimeshamaliza." Alikuwa anatembea haraka, mimi nyuma yake. "Mutakatifu, mutakatifu. Ulisoma, ni vizuri. Sasa nipe sura ingine. We unaandikaka batu ambao haiko. Niandikie mudogo wangu, niweke kwa meza."



Jumatatu aliomba mwenzake amshikie zamu, akaenda Uccle kuwaangalia mafundi. Nilikwenda pia, kwa kuwa nilijua nisipokwenda nitasimuliwa, na kusimuliwa na mama kunachukua muda mrefu kuliko kwenda. Tuliwakuta wamekwisha kulitoa. Lilikuwa vipande vikubwa kadhaa, kila kimoja kimelazwa kwenye kreti lake na kufunikwa blanketi za kijivu, na ukutani, pale alipokuwa msichana, palikuwa na ubao wa plaiwudi. Mzee wa funguo alikuwa anaupigapiga kuhakikisha haupitishi upepo. Ameridhika mno.

Mkuu wa mafundi alikuwa mwanamke kijana, Mflemi, yaani Mbelgiji wa lugha ya Kiholanzi, nywele fupi, aliyezungumza Kifaransa kwa uangalifu kama anayetembea kwenye barafu. Mama alimfuata hadi kwenye gari.

"Munamupeleka wapi?" alimuuliza kwa Kiswahili. Alikuwa amesahau lugha.

Nilitafsiri. Fundi alieleza kwamba karakana yake iko Jette, na alipotaja mtaa mama akaruka. Ulikuwa nyuma ya hospitali yake. Hata basi halihitajiki.

"Njoo umwone," fundi alisema, akitabasamu huku anafunga mlango wa gari. "Mlango uko wazi wakati wowote."

Alisema hivyo kama watu wa hapa wanavyosema, kwa adabu, na kwa uhakika kwamba hakuna atakayekuja. Maskini, hakuwajua watu wa Kivu. Mwaliko kwetu hauna mtu mmoja. Ukimwambia mama yangu njoo, umekwisha kuiambia kwaya.

Jioni ileile mama alimpigia mchungaji. Nilikuwepo, nikimenya vitunguu, nasikiliza upande mmoja tu, lakini mama huzungumza kwenye simu kwa namna ambayo upande mmoja unatosha.

"Pasteri. Unaendeshaka tramu, si ndiyo? ... Tramu ikiingizwa kwa dipo, bakafungua magurudumu yote, bakaweka viti chini. Ile bado ni tramu? ... Eeh. Inabebaka batu? ... Haibebaki. Alors, mutakatifu akiwa kwa ukuta ya kanisa, ni mutakatifu, nakubali. Sasa batu bamemufungua. Mukono iko huku, kichwa iko kule, juu ya meza ya fundi. Ile ni mutakatifu ao ni vioo?"

Nilimenya vitunguu vyote.

"Ndiyo," mama alisema hatimaye, na akakata. Akanigeukia. "Amesema kitu yenye iko dipo haiabudiwaki. Pigia ule fundi. Muambie tunakuja Samedi."

"Nimwambie watu wangapi?"

"Muambie wachache."

Nikamwambia wachache. Nilipewa neno hilo nikalifikisha. Kazi yangu iliishia hapo.

Jumamosi adhuhuri, mtaa mmoja mtulivu wa Jette ulijaa ndege weupe. Wamama wote walikuwa wameshona, wengine mikono mirefu, wengine mabega wazi, na mchungaji amevaa shati la kitenge hichohicho juu ya suruali ya kazini. Walishusha viti vya plastiki na masufuria: sombe la majani ya muhogo, wali, samaki wa kukaanga, fufu limefungwa kwa nailoni. Fundi alifungua mlango akiwa na aproni. Nilimwona anahesabu kwa macho, anafika mahali, anaacha.

"Ulisema wachache," aliniambia.

"Hawa ndio wachache."

Aliingia ndani kutafakari. Alipotoka alikubali viti. Chakula, hapana. Vumbi la risasi liko kila mahali mle, ni sumu, hakuna kula, hakuna kunywa, na mikono inaoshwa kabla ya kutoka. Nilitafsiri. Ikazuka vurugu.

"Matanga bila kula?" kiongozi wa kwaya aliuliza. "Ni mkutano ya kazi hii?"

"Mutakula nje, maman."

"Nje! Na mvua hii!"

"Mvua haijanyesha."

"Tuko Belgique. Itanyesha."

Nilijikuta nimesimama mlangoni, sufuria la sombe mikononi, joto lake linapenya kitambaa, nikitafsiri kemia kwa Kiswahili na matanga kwa Kifaransa, na kila upande unaniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyetunga sheria za mwingine. Nilikaribia kuliweka sufuria chini niende zangu. Mwishowe chakula kilirudishwa kwenye magari, mchungaji akaahidi kwamba Mungu ataelewa, na tukaingia.

Katikati ya karakana palikuwa na meza kubwa ya kioo iliyowashwa taa kwa chini. Juu yake alikuwa amelazwa msichana. Fundi alikuwa amekwisha kung'oa risasi yote ya zamani, vipande vimepangwa mahali pake lakini vimeachana kidogo, na mwanga ulipita katikati kama maji. Vazi la kijani, viganja viwili, mnyama, mbwa mmoja mmoja. Uso ulikuwa kipande kimoja kidogo kisichozidi kiganja. Wamama waliacha kunong'ona. Sasa alikuwa amelala chali kama maiti mbele ya watu waliokuja kumwona, jambo ambalo hakuna kati yao asiyelijua.

Mama alisogea peke yake. Aliweka maua ukingoni mwa meza, akatoa miwani kwenye mkoba, akaivaa, akainama. Kwa mwaka mzima alikuwa amemwona kutoka chini, juu ukutani, mwanga wa mchana nyuma yake. Sasa alikuwa karibu kiasi kwamba pumzi yake iliweka ukungu juu ya kioo. Wamama walivuta hewa, tayari kumpokea kwa kilio akianza. Ndivyo inavyotakiwa: mfiwa anaanza, wengine wanabeba.

Hakuanza.

"Apana," alisema.

Nilimsogelea. "Apana nini, mama?"

"Haiko yeye."

"Tulijua si yeye, mama. Tulizungumza."

"Apana, angalia. Angalia hii pua." Alikuwa amekunja uso kama anapokagua nyanya sokoni. "Nyembamba hivi, kama ya kisu. Mudogo wangu alikuwa na pua ya baba. Ilikuwa inakaa chini, pana, na hapa kwa kando ilikuwa inacheza akikasirika. Na nyusi hizi! Nani alichora nyusi hizi? Ya kwake ilikuwa inakutana hapa katikati. Alikuwa anaifichaka kwa kitambaa, alikuwa anasikia haya."

Fundi alinigusa bega. Alitaka kujua kama kuna tatizo.

"Anasema pua haiko sawa," nilimwambia, nimechoka kuwa mwangalifu.

"Pua haibadilishwi," fundi alisema kwa wasiwasi. "Ni ya asili. Mwambie sisi tunasafisha na kubadilisha risasi tu."

Sikumwambia. Mama hakuwa ananisikiliza. Kidole chake kilikuwa kinatembea juu ya kile kipande bila kukigusa, kinakosoa.

"Macho haya inalala. Ya kwake haikuwa inalala hata usiku. Ilikuwa inatafuta nani wa kuchekelea. Paji la uso iko refu sana. Ya kwake ilikuwa fupi na ilikuwa na kovu hapa, mi njo nilimutupia kifuniko ya sufuria, juu ya mukate yangu yenye alikula. Sikio hii ya kushoto ilipasuka, hereni ilivutwa na mbuzi. Mbuzi! Alilia, kisha akacheka, kisha akalia tena. Na shingo! Shingo ya huyu ni ya bata."

Kuna mtu nyuma yangu alicheka, kisha akaanza kulia palepale, bila kungoja mfiwa. Mwingine akamfuata. Mama aliendelea kugombana na kioo.

Nimemuuliza mama kuhusu mdogo wake tangu nilipoanza kuandika. Nimeuliza kwa upole, kwa ujanja, nikiwa na kalamu na nikiwa sina. Alikuwa na sura gani? Na kila mara nilipewa kitu kilekile, alikuwa mutoto muzuri, na mlango unafungwa. Sasa nilikuwa nimesimama karakanani, mikono yangu inanuka sombe, sina hata kipande cha karatasi, naye anamwaga vyote kwa hasira, kwa sababu mchoraji mmoja wa kale alikosea pua ya mtu ambaye hakuwahi kumwona.

Mchungaji aliangalia saa. Ana zamu ya jioni Jumamosi, na fundi alikuwa ameanza kusimama karibu sana na mlango. Alifungua zipu ya Biblia, akakohoa, akasogea mezani upande wa miguu.

"Maman," alisema kwa upole, "tuombe sasa. Tufunge matanga."

Mama alimwinulia mkono bila kugeuka, miwani imeshuka puani, kidole kingali kinaelea juu ya mdomo wa yule msichana wa kioo, ambao mchoraji aliuchora umefungwa.

"Ngojea, pasteri," alisema. "Bado sijafika kwa meno."